Norman McLaren: Mwana wa Mpaka Rangi Aliyeunda Sinema Bila Kamera

Mchagua jembe si mkulima. Ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu, lakini sidhani kuna mahali ambapo methali hii imetumiwa kwa hila kuliko katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kijana wa Kibera au wa Kawangware akilalamika kwamba hana vifaa vya kazi, huambiwa atumie alivyo navyo. Akivitumia hivyo alivyo navyo na kuunda kitu cha kupendeza, hupigiwa makofi, akapigwa picha akiwa amesimama kando ya mheshimiwa fulani, kisha akarudi kwake na njaa ile ile aliyoondoka nayo. Leo, msomaji mpendwa, nakusudia kukusimulia maisha ya mtu ambaye kwa hakika hakuchagua jembe, ili tupate kupima ni kitu gani hasa kilichomwezesha kuvuna.

Mtu huyo ni Norman McLaren. Alizaliwa Aprili 11, 1914 katika mji wa Stirling, Scotland, na babake alikuwa fundi wa kupaka rangi na kupamba nyumba za watu. Hilo nimelitaja makusudi. Sisi tunaoishi Kawangware tunawajua vyema watoto wa mafundi wa aina hiyo, wanaokua wakicheza na makopo yaliyosaza rangi kidogo na brashi zilizokwisha kung'oka nywele. Mnamo 1932 McLaren alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Glasgow kusomea upambaji wa nyumba, yaani aendeleze kwa cheti kazi ambayo babake aliifanya kwa mikono. Huko chuoni, hata hivyo, akatekwa na sinema. Alizitazama filamu za Warusi zilizokuwa zikisifiwa sana enzi hizo, na pia filamu za Mjerumani Oskar Fischinger, ambamo maumbo yasiyo na jina yalicheza kwa kuufuata muziki. Akatamani naye kutengeneza filamu. Taabu ilikuwa moja tu: hakuwa na kamera.

Hapa yafaa nieleze kidogo jinsi sinema ya zamani ilivyofanya kazi, kwani vijana wetu wa leo wanaijua ya kompyuta na rununu peke yake. Filamu ilikuwa utepe mrefu mwembamba, wenye matundu kandokando, uliobeba picha ndogondogo zilizofuatana. Utepe wa kawaida wa majumba ya sinema ulikuwa na upana wa milimita 35, na kila sekunde picha 24 zilipita mbele ya taa ya projekta. Jicho la binadamu halina wepesi wa kuzitenganisha picha hizo, kwa hivyo huziona kama kitu kimoja kinachosogea. Kila mtu aliamini kwamba picha hizo sharti ziingizwe katika utepe kwa kamera, kisha utepe usafishwe kwa dawa katika chumba cha giza.

McLaren aliuona mlango mwingine. Alipata utepe mkuukuu wa filamu iliyokwisha kuchakaa kwa kuonyeshwa mara nyingi. Akauloweka mpaka utando wa dawa uliobeba picha ukabanduka, akabaki na utepe mtupu, unaopitisha nuru kama kioo. Juu yake akachora kwa wino wa rangi, doa baada ya doa na mstari baada ya mstari, halafu akautia katika projekta. Ukutani rangi zikaanza kurukaruka. Hapakuwa na mwigizaji wala hadithi, na kamera haikuhusika kwa lolote. Hii ndiyo sanaa ninayoizungumzia leo: picha dhahania, isiyomwiga mtu, mnyama wala nyumba, iliyopakwa moja kwa moja juu ya utepe wa filamu na kupewa uhai na mwendo wa projekta.

Haki inanilazimu niseme kwamba McLaren hakuwa peke yake. Len Lye, mzaliwa wa New Zealand aliyehamia London, aliifanya kazi kama hiyo akiwa chini ya kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza. Mwaka 1935 filamu yake iitwayo A Colour Box ilionyeshwa katika majumba ya sinema, nayo ilikuwa rangi tupu zilizocheza kwa muziki wenye asili ya Cuba. Mwishoni tu ndipo yalipojitokeza maneno ya kutangaza ada nafuu ya kutuma vifurushi. Posta ya Waingereza iliona kwamba mwananchi wake anastahili kufurahishwa kwanza, kisha ndipo aarifiwe.

Sasa linganisha, msomaji, na mambo yaliyokuwa yakitendeka huku kwetu. Mwaka huo huo wa 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, mradi uitwao Bantu Educational Kinema Experiment, ulioungwa mkono na serikali ya kikoloni pamoja na wamishonari. Hadi 1937 mradi huo ulitengeneza filamu kadhaa kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha Afrika Mashariki na kusini zaidi, Kenya ikiwamo. Zilihusu minyoo ya safura, kilimo, kodi na mengineyo ya aina hiyo. Mojawapo iliwahimiza watu waweke fedha zao katika benki ya Posta. Sisemi mafunzo hayo yalikuwa ya upuuzi. Mwenye safura anahitaji kutibiwa. Nasema tu kwamba katika mwaka mmoja, chini ya taji moja, Posta ilimpa mkazi wa London rangi zinazocheza, naye Mwafrika akapewa mawaidha. Desturi hiyo haikuondoka pamoja na bendera ya mkoloni mnamo 1963. Hadi leo picha ikitoka Kibera, au ikipelekwa Kibera, hutarajiwa ifunze, ionye, au iombe msaada.

Tumrudie mtu wetu. Filamu zake za uanafunzi zilimvutia John Grierson, mwanzilishi mashuhuri wa filamu za hali halisi, ambaye alimpa kazi katika kitengo kile kile cha Posta jijini London. Kabla hajatulia kazini, McLaren alikwenda Hispania mnamo 1936 kama mpiga picha wa filamu iliyohusu ulinzi wa Madrid wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliyoyaona huko, raia wakiuawa mijini mwao, yalimwachia jeraha la moyo ambalo halikupona. Yeyote anayezitazama filamu zake za furaha na kudhani zilitoka kwa mtu asiyejua mateso amekosea sana.

Mwaka 1938 alimaliza Love on the Wing, filamu aliyoichora moja kwa moja juu ya utepe kwa kalamu na wino. Ilikusudiwa kuutangaza mpango wa kusafirisha barua kwa ndege katika dola ya Waingereza, mpango ulioanza 1937 na uliozihusisha pia ndege za majini zilizokuwa zikitua Kisumu. Barua zilizokuja kwetu na zilizoondoka kwetu zilikuwa miongoni mwa zile ambazo McLaren alizigeuza kuwa vijimtu vinavyokimbizana kwa mapenzi. Mkubwa wa Posta hakupendezwa. Aliona mna ashiki kupita kiasi, na filamu ikawekwa kando. Kwa hiyo kijana huyo alionja mapema uchungu wa kazi iliyokataliwa na mwenye fedha.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia, McLaren, kwa kuchelea kuyaona tena yale ya Hispania, alivuka bahari mnamo 1939 hadi New York. Huko maisha yalikuwa magumu. Alitengeneza filamu fupifupi kwa mkono, zikiwamo Dots na Loops, na jumba la sanaa la Guggenheim likamnunulia baadhi. Katika hizo alifanya ajabu ya pili. Pembeni mwa utepe wa filamu kuna njia nyembamba ya sauti: nuru hupenya katika michirizi iliyomo, chombo kikaisoma na kuigeuza kuwa sauti. McLaren alisema moyoni kwamba ikiwa picha yachoreka, sauti nayo yachoreka. Akaichora michirizi hiyo kwa kalamu. Michirizi iliyosongamana ilitoa sauti nyembamba, iliyoachana ikatoa sauti nzito. Iliyo minene ilivuma na iliyo myembamba ikanong'ona. Hivyo mtu asiye na kamera wala ngoma wala zumari alitoa picha na muziki kwa kalamu moja.

Mwaka 1941 Grierson alimwita Kanada, ambako serikali ilikuwa imeunda Bodi ya Taifa ya Filamu miaka miwili kabla. McLaren aliajiriwa hapo, akaanzisha idara ya vibonzo, na akaitumikia bodi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Naomba uikumbuke hesabu hiyo ya miaka, kwani nitairejelea.

Kazi yake ninayoipenda kupita zote ni Begone Dull Care ya mwaka 1949. Aliitengeneza pamoja na Evelyn Lambart, mwanamke wa Kanada aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1914, na muziki ulipigwa na Oscar Peterson na wenzake wawili. Peterson alikuwa Mweusi wa mjini Montreal, mwana wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani. Babake alikuwa mchukuzi wa mizigo katika treni za kampuni ya Canadian Pacific, na mtaa wao ulikuwa mtaa wa wafanyakazi Weusi waliotegemea reli. Mkazi wa Laini Saba au Makina, ambaye treni hupita karibu na mlango wake, hatahitaji kufafanuliwa maisha ya mtaa kama huo. McLaren na Peterson walikaa pamoja siku kadhaa, mmoja akipiga piano na mwingine akisema rangi gani anaiona katika sauti hiyo, mpaka muziki ukapatana na picha ambazo bado hazijachorwa.

Muziki ulipokwisha kurekodiwa ulipimwa, kila pigo likajulikana liko mahali gani katika utepe. Kisha McLaren na Lambart wakatandaza vipande virefu vya filamu mezani na kuvipaka rangi kwa brashi. Waligandamiza vitambaa juu ya rangi mbichi ili viache alama za nyuzi zake, na wakakwaruza kwa visu na sindano. Sehemu ya katikati, ambapo piano inapigwa polepole, ni mistari myembamba tu inayotetemeka juu ya weusi. Sehemu ya mwisho ni fujo la rangi na mbio za vidole vya Peterson. Filamu yote huchukua takribani dakika nane. Kwa hesabu ya picha 24 kwa sekunde, hizo ni nafasi zaidi ya 11,000 zilizopitiwa na mikono ya watu wawili.

Hivi karibuni niliwaonyesha majirani zangu wachache filamu hiyo kwa rununu. Mmoja wao ni fundi anayechora matatu hapa Kawangware. Kazi yake aijuaye kila abiria wa nambari 46 ni ndugu ya kazi ya McLaren: rangi zinazokwenda mbio zikisindikizwa na muziki. Fundi huyo amepitia mengi. Kanuni za usafiri za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilipoamuru mstari wa manjano na kuyavua magari yale mapambo, mafundi wengi walipoteza riziki, na ni mwishoni mwa 2014 tu ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotoa idhini michoro irudi. Nilitazamia aniulize maana ya madoa na mistari ile, kama wafanyavyo wasomi. Hakuuliza. Aliitazama mara mbili, akahesabu kwa vidole siku ambazo kazi kama hiyo ingemchukua yeye, halafu akataka kujua ni nani aliyekuwa akimlisha mtu huyo wakati wote huo.

Hilo ndilo swali ambalo wanaomsifu McLaren aghalabu hulisahau. Husema alifanya mengi kwa kitu kidogo, nao husema kweli. Wino, kalamu na utepe mkuukuu ni vitu vya bei nafuu. Ila siku za mtu hazina bei nafuu. McLaren alilipwa mshahara na serikali ya Kanada, mwezi baada ya mwezi, akiwa na ruhusa ya kukaa mezani akikwaruza filamu kwa sindano, hata pale ambapo hakuna waziri angeweza kueleza bungeni filamu hiyo ilikuwa ya kazi gani. Jembe lake lilikuwa kuukuu, lakini shamba lilikuwa la umma, na mkulima alilishwa wakati wa palizi.

Wala asidhani mtu kwamba msanii huyo alijifungia katika rangi zake akawasahau wanyonge. Mwaka 1949 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, lilimtuma Uchina, katika jimbo la Sichuan, kwenye mradi wa kijiji chenye afya. Kazi yake ilikuwa kuwafunza wachoraji wa huko kutengeneza mabango na picha za utepe kwa vifaa hafifu, ili wanavijiji waelimishwe kuhusu chanjo, usafi na maradhi ya macho. Alikuwa huko majeshi ya Kikomunisti yalipoitwaa sehemu hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Miaka michache baadaye alikwenda India kwa kazi kama hiyo. Mtu yule yule, basi, alichora picha za kuokoa macho ya maskini na picha za kuyafurahisha macho hayo. Hakuona kwamba ya kwanza inaikataza ya pili.

Aliporejea Kanada, huku vita vikirindima Korea, alitengeneza Neighbours ya mwaka 1952. Hii haikupakwa rangi juu ya utepe. Aliwatumia watu halisi, akawapiga picha moja moja kana kwamba ni vibonzo, na sauti zake akazitengeneza kwa michoro, bila ala yoyote ya muziki. Majirani wawili wanaishi kwa amani. Ua moja linachipuka mpakani. Kila mmoja analidai, wanaweka uzio, wanapigana, wanabomoleana nyumba, wanaua wake na watoto, mwishowe wote wawili wanakufa na ua lenyewe limekwisha kupondwa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1953, na mnamo 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia.

Sisi hatuhitaji kufafanuliwa filamu hiyo. Kibera iliiona Desemba 2001, wenye nyumba na wapangaji walipomwagana damu kwa ajili ya kodi. Iliiona tena baada ya matokeo ya kura ya urais kutangazwa Desemba 30, 2007, wakati soko la Toi lilipoteketezwa na reli ikang'olewa. Kawangware iliiona Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani waliokuwa wakinunua sukumawiki kwa mama mboga mmoja walipofukuzana kwa mapanga. Nayataja haya kwa sababu moja. McLaren aliyeunda hadithi hiyo kali hakujiona analazimika kuunda hadithi kali maisha yake yote. Miaka mitatu baadaye alirudia utepe wake mtupu.

Safari hii utepe ulikuwa mweusi. Filamu iitwayo Blinkity Blank, ya mwaka 1955, aliitengeneza kwa kukwaruza weusi huo kwa kisu, sindano na wembe, hapa na pale, akiziacha nafasi nyingi bila alama yoyote. Mchoro unamweka kama radi kisha giza linarudi. Jicho linaubakiza mchoro huo kwa nusu ya pumzi na kuuunganisha na ule utakaofuata. Mtazamaji anashiriki kuiunda filamu ndani ya kichwa chake mwenyewe. Tamasha la Cannes liliipa tuzo yake kuu ya filamu fupi mwaka huo. Baadaye zikafuata Lines Vertical ya 1960 na Lines Horizontal ya 1962, alizozifanya tena na Lambart, ambazo hazina kingine isipokuwa mistari inayosogea. McLaren alifariki Januari 27, 1987 huko huko Kanada, akiwa na umri wa miaka 72.

Sasa nije kwetu. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyopigwa picha nyingi mno barani Afrika. The Constant Gardener, filamu ya Waingereza iliyotoka 2005, ilipigwa humo. Mwaka uliofuata ikatoka Kibera Kid, iliyowatumia watoto wa mtaa wenyewe. Vijana wetu wamejifunza kushika kamera, na baadhi yao ni hodari kweli kweli. Lakini chunguza wanachoombwa wakipige picha. Mfadhili akija anataka choo kilichofurika, mtoto anayenusa gundi, msichana aliyeokoka. Mwenye kutoa fedha ndiye huchagua wimbo. Kijana akipeleka pendekezo la filamu ya madoa mekundu yanayocheza kwa muziki wa benga, nahofia atatazamwa kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Nasema kijana huyo ana haki. Mtoto wa Kawangware ana haki ya kutengeneza picha isiyoomba chochote, isiyomwonya mtu, isiyomtaja yeye kuwa tatizo linalongoja kutatuliwa. Picha dhahania inampa nafasi hiyo kuliko picha nyingine yoyote, kwa kuwa doa la rangi halina kabila wala halina mtaa. Anayelitazama hawezi kumhurumia aliyelichora. Anaweza tu kupendezwa au kutopendezwa. Ni wangapi kati ya vijana wetu wamewahi kupimwa kwa mizani hiyo?

Najua wapo watakaonijibu kwamba mtu asiye na maji safi hana haja ya mistari inayotetemeka. Hoja hiyo naiheshimu, maana maji nayanunua kwa mtungi kama wao. Ila naona ina kasoro. Wanaoitoa hawakosi televisheni sebuleni mwao, wala hawajangoja mabomba yote ya jiji yatengenezwe ndipo wasikilize muziki. Isitoshe, Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na inaitaka serikali ikuze sanaa. Haikusema sanaa ya walioshiba.

Wengine watasema utepe wa filamu siku hizi haupatikani. Ni kweli kwamba majumba ya sinema yamegeukia mitambo mipya na tepe zile zimekuwa adimu. Lakini kanuni ya kazi haijabadilika. Karatasi ya plastiki inayopitisha nuru inapatikana dukani, wino upo, na rununu ya kawaida inaweza kupiga picha moja moja na kuziunganisha. Mwalimu mwenye darasa la watoto 40 akimpa kila mtoto picha sita, ana picha 240, nazo ni sekunde kumi kamili za sinema kwa kipimo cha picha 24. Shule inaweza kuanza wiki ijayo. Inasikitisha kwamba mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa 1985 ulikuja na somo la sanaa na ufundi, kisha somo hilo likaondolewa miongoni mwa yale ya kutahiniwa, na walimu wakaliacha likafa. Mtaala mpya umerudisha sanaa darasani. Tusiiache ife mara ya pili.

Lakini kuanza si kazi. Ninachokitaka kwa viongozi wa kaunti ya Nairobi na wabunge wa maeneo yetu ni kitu wasichokizoea kutoa, nacho ni muda wa mtu. Kamera ni rahisi kuizindua: hufungwa utepe mwekundu, hukatwa kwa makasi, na magazeti hupiga picha. Mshahara mdogo wa vijana kumi wa Kibera na kumi wa Kawangware, kwa miaka miwili mfululizo, katika chumba chenye meza na taa, hauna utepe wa kukatwa. Hata hivyo ndio uliomfanya McLaren. Kama serikali ya Kanada ingempa kamera tu ikamwambia ajitegemee, huenda angerudi kupaka nyumba rangi kama babake, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini dunia isingeona rangi zikicheza na vidole vya Peterson.

Kwa hivyo tunapowaambia vijana wetu kuwa mchagua jembe si mkulima, tuimalizie methali kwa vitendo. McLaren alilima kwa jembe bovu kwa sababu alikuwa na uhakika wa chakula cha jioni. Fundi wangu wa matatu alilielewa jambo hilo kwa kuitazama filamu mara mbili katika kioo cha rununu. Bado anangoja kujibiwa, na mimi sina mamlaka ya kumjibu. Wenye mamlaka hayo wanafahamika, na baadhi yao hupita Kawangware wakiwa katika matatu zilizopambwa na mikono yake, angalau wakati wa kuomba kura.